Kariakoo ipimwe na anayetembea polepole

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo kuhusu kutembea kwa miguu Kariakoo. Mimi ni mwalimu mstaafu wa elimu maalumu. Sehemu kubwa ya kazi yangu ilikuwa kuwafundisha watoto wasioona na wenye uoni hafifu kutembea na fimbo nyeupe: kutoka darasani hadi chooni, kutoka chooni hadi getini, kisha kutoka getini kuingia mtaani, kupanda daladala, kwenda sokoni na kurudi nyumbani bila kushikwa mkono. Mitaa tuliyofanyia mazoezi ilikuwa ya Ilala na Kariakoo. Kwa hiyo ninaposema mtaa fulani unatembeleka na mwingine hautembeleki, nasema kitu nilichokigusa kwa ncha ya fimbo.

Siku hizi nasoma na kusikia mengi kuhusu kuipanga upya Kariakoo. Taa ziwekwe, kamera zifungwe, biashara iende saa 24, machinga wakae huku, magari yapite kule. Nayaunga mkono mengi ya hayo. Lakini mtu anayekwenda Kariakoo kwa miguu, na karibu kila anayeingia Kariakoo huishia kutembea hata kama alikuja na gari, simsikii akitajwa ila kama sehemu ya msongamano. Magari yanahesabiwa. Fremu zinahesabiwa, vizimba vinahesabiwa, kodi inahesabiwa. Njia ya kupita mguu wa binadamu nani anaipima, anaipima saa ngapi, na kwa mwendo wa nani? Ombi langu ni kwamba mitaa ya Kariakoo ipimwe rasmi kwa miguu, ipimwe saa ambayo imejaa, na anayeongoza upimaji awe yule anayetembea polepole kuliko wote. Majibu yabandikwe hadharani.

Kariakoo haikuota tu. Mitaa yake iliyonyooka na kukatana ilichorwa na Wajerumani muda mfupi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza wakaja kuiendeleza, na eneo la Mnazi Mmoja likaachwa wazi ili kuwatenga Waafrika wa Kariakoo na Wahindi wa Uhindini. Nia ya waliochora ilikuwa mbaya, ya ubaguzi, lakini mitaa yenyewe iliendana na nyumba zilizojengwa. Zilikuwa nyumba za Kiswahili: hazina ghorofa, vyumba sita vinavyotazamana, korido katikati, uani nyuma, baraza mbele. Wazee wa Kariakoo watakumbuka baraza zile. Mgeni aliketi pale, bao lilichezwa pale, mama aliuza vitumbua pale asubuhi, na bibi aliyetoka sokoni na kikapu alipumzika kwenye baraza ya mtu asiyemjua kisha akaendelea na safari yake. Hakuna aliyemuuliza.

Kwa mwanafunzi wangu asiyeona, baraza ilikuwa na kazi nyingine. Mtoto hufundishwa kuambaa: fimbo inatangulia, inagusa chini kulia pale mguu wa kushoto unapokwenda mbele, kisha inarudi kushoto, na kila mara inagonga ukingo wa kitu kinachoendelea mfululizo kando yake. Ukingo huo ndio unaomwambia kwamba bado yuko kwenye mstari. Baraza za Kariakoo zilikuwa ukingo mzuri sana. Mtoto alizihesabu: baraza ya kwanza ya saruji laini, ya pili ina nguzo ya mti, ya tatu ina harufu ya kahawa, halafu pembe ya mtaa. Nimewahi kuwa na mtoto aliyenipeleka hadi sokoni kwa baraza tu, mimi nyuma yake nimenyamaza.

Leo viwanja ni vile vile na upana wa mitaa ni ule ule, ila pale palipokuwa na vyumba sita pamesimama ghorofa kumi, chini fremu za maduka, juu stoo na nyumba za kupanga. Watu waliokuwa wanatoka kwenye mlango mmoja wa nyumba ya Kiswahili sasa wanatoka kwa mamia kwenye lifti moja, na wateja wao wanatoka Mbeya, Mwanza, Lubumbashi, Lusaka na Moroni. Barabara haikuongezwa hata futi. Na kila aliyejenga alipandisha au alishusha mbele ya jengo lake anavyotaka. Ukitoka kwenye jengo moja kwenda la jirani unapanda ngazi mbili, unatembea juu ya vigae, unashuka ngazi tatu, unakuta mchanga wa fundi, unapanda tena. Mwenye kiti mwendo hawezi kupita hapo kabisa. Anashuka barabarani, katikati ya guta, bodaboda na mikokoteni, na hapo ndipo tunamlaumu kwa nini anatembea barabarani.

Binti yangu anasoma mipango miji katika Chuo Kikuu Ardhi. Yeye ndiye aliyenionyesha kwamba duniani kuna vipimo vya jambo hili, na kwamba si mambo ya kubuni vichwani mwetu. Kimoja kilitengenezwa mwaka 2006 na Holly Krambeck, alipokuwa akisoma chuo cha MIT cha Marekani, kwa kushirikiana na Benki ya Dunia, na baadaye kikatumika katika miji kadhaa ya Asia yenye msongamano kama wetu. Mkaguzi anatembea kipande cha mtaa na kutoa alama, kuanzia 1 hadi 5, kwa mambo 9: kama kuna njia ya miguu, kama wenye miguu wamechanganywa na vyombo vya moto, kama vivuko vipo na viko salama, madereva wana tabia gani, kuna vizuizi gani, kuna kivuli, taa na mahali pa kukaa, kuna nini kwa ajili ya mtu mwenye ulemavu, na kama mpita njia anaogopa kuporwa. Nilifurahi kuiona orodha ile. Ni orodha ya mtu aliyetembea.

Tukaenda nayo Kariakoo, mimi na yeye na karatasi zake. Alianza Jumapili asubuhi, maana mwalimu wao aliwaambia wachague muda ambao wataweza kuona vizuri hali ya barabara. Maduka mengi yalikuwa yamefungwa, mitaa inapitika, ukingo unaonekana, na kwenye kipengele cha njia ya miguu akatoa alama ya 4. Nikamwambia tusiondoke na alama hiyo. Turudi Jumamosi saa kumi jioni, tena Jumamosi ya kuelekea sikukuu, wakati wazazi wanatafuta nguo za watoto.

Jumamosi ile, Mtaa wa Kongo ulikuwa umejaa kiasi kwamba hauchagui uende wapi, watu wanakupeleka. Mama aliyekuwa mbele yetu alikuwa na mtoto mgongoni na mwingine mkononi, na yule wa mkononi alikuwa haonekani, amezama katikati ya mapaja ya watu wazima, analia. Nyuma yetu kuli wa mkokoteni anapiga kelele apishwe, naye ana haki ya kupishwa kwa sababu ana mzigo wa robota za mitumba na mteremko unamsukuma. Hakuna mahali pa kumpisha. Binti yangu aliinua kalamu aandike, akashindwa hata kusimama aandike. Njia ile ile iliyopata 4 ilipata 1. Mtaa ulikuwa haujabadilika kwa lami wala kwa zege. Kilichobadilika ni saa. Ndiyo maana nasisitiza saa ya kupima: mkaguzi anayekuja alfajiri na gari la ofisi anapima lami. Hajaupima mtaa.

Tulibishana pia juu ya alama nyingine, na ubishi huo ndio ulionifanya niandike barua hii. Tulifika mbele ya jengo jipya ambalo mwenyewe ametandaza vigae vyeupe vipana, vimesafishwa, vinang'aa, hakuna meza hata moja ya machinga. Binti yangu alitaka kutoa 5. Nikamwomba asubiri nimwite kijana mmoja, mwanafunzi wangu wa zamani mwenye ualbino, ambaye sasa ana biashara ya vifaa vya simu mtaa wa pili. Macho yake yanaona, lakini yanaona kwa shida, na mwanga mkali unamuumiza. Alipofika alisimama ukingoni pa vigae, akaweka mkono juu ya paji la uso, akasema hapa sipapendi, naona weupe mtupu, sijui ngazi inaanzia wapi. Na kweli kulikuwa na ngazi moja katikati, nyeupe juu ya nyeupe, haina mstari wa rangi. Dada wa duka akaongeza kwamba mvua ikinyesha watu wanateleza pale, yeye huweka maboksi chini. Mahali palipoonekana pazuri kuliko pote ndipo palipokuwa na hatari kwa asiyeona vizuri, kwa mzee, na kwa kila mtu siku ya mvua. Binti alibadilisha alama mwenyewe.

Orodha ile inahitaji kuongezwa mambo ambayo macho mazima hayayaoni. La kwanza ni sauti. Mtu asiyeona anavuka barabara kwa masikio. Anasimama ukingoni, anasikiliza magari yanayokwenda sambamba na bega lake, yakianza kuondoka anajua yale yanayomkatiza yamesimama, ndipo anavuka. Hilo tunalifundisha kwa miezi. Sasa nenda kwenye pembe yoyote ya Kariakoo: kila fremu imeweka spika nje, sauti iliyorekodiwa inarudia bei kutwa nzima, jenereta linaunguruma, na spika ya duka la pili inashindana na ya kwanza. Masikio yanafungwa kabisa. Nimemwona mtu mzima, msomi, aliyevuka peke yake miaka yote, akisimama pembeni ya Mtaa wa Aggrey na kukata tamaa, akaomba mtu amshike mkono. Sheria za kelele zipo. Sijui kwa nini zikitajwa hutajwa kwa ajili ya baa tu.

La pili ni vitu vya usawa wa kichwa. Fimbo inalinda kuanzia kiuno kwenda chini. Haimwambii mtu kwamba mbele kuna ncha ya mwavuli, waya wa kufungia turubai, chuma cha kutundikia suruali, au kiyoyozi kilichofungwa chini mno. Makovu ya wanafunzi wangu wengi yako kwenye paji la uso na kwenye nyusi. Mhandisi anajua kwamba juu ya njia ya miguu panatakiwa kuachwa nafasi tupu ya mita mbili na zaidi kidogo. Anajua, ila anapokagua anatazama chini.

La tatu ni mitaro. Hapa sitaki kupita haraka. Mifuniko ya zege ya mitaro yetu ndiyo njia ya miguu katika mitaa mingi. Watu hutembea juu yake kwa sababu hakuna pengine. Mfuniko mmoja ukivunjwa na gurudumu la lori linaloshusha mzigo, hauwekwi mwingine. Wenye roho nzuri huchomeka tawi la mti au tairi bovu ili watu waone. Msichana mmoja niliyemfundisha tangu darasa la kwanza, akiwa tayari ameajiriwa, alipita njia aliyoizoea mbele ya jengo lililokuwa likijengwa. Jana yake mfuniko ulikuwepo. Siku ile fimbo ilizama, mwili ukafuata. Mtaro haukuwa na kina kirefu, lakini alianguka juu ya mkono na kuuvunja kifundo, mkono wa kulia, ule anaosomea maandishi ya nukta nundu na ule anaoshikia fimbo. Kwa muda wote aliokuwa na plasta hakuweza kusoma wala kutembea peke yake. Msimamizi wa ujenzi aliniambia kwamba angekuwa na mtu wa kumwongoza asingeanguka. Nilimjibu kwamba alikuwa naye, fimbo yake, na fimbo haiwezi kujua kwamba usiku kuna mtu ametoa mfuniko ili apitishe bomba. Hakuna aliyelipa hata gharama ya plasta.

Najua msomaji anasubiri niwataje machinga. Nitawataja, na naomba nisikilizwe mpaka mwisho. Ni kweli meza zimekaa juu ya njia, na ni kweli mahali pengine zimeacha upenyo ambao mtu mnene hupita kwa ubavu. Mwaka 2021, Serikali ilipowaondoa barabarani na kuwapeleka maeneo yaliyopangwa, nilitembea katika mitaa kadhaa na kuona ukuta na ukingo ambavyo sikuwa nimeviona kwa miaka. Nilifurahi. Furaha ilikatishwa na magari. Sehemu nilizoziona mimi, pale meza zilipoondoka, gari lilipanda na kuegeshwa, na gari halikuambii chochote. Machinga anajua majina ya wanafunzi wangu. Wengi wao walikuwa wanaita kwa mbali, kaa kushoto, kuna shimo, ngoja lipite guta. Mama lishe mmoja wa karibu na Mtaa wa Sikukuu alikuwa anasogeza jiko lake kila asubuhi saa ile ile ili kijana mmoja apite, na hakuombwa na mtu. Sisemi meza zirudi juu ya njia. Nasema tunapopima vizuizi, tupime vyote kwa rula moja: meza ya kitambaa na gari la milioni hamsini, mwavuli wa muuza maji na ngazi ya mwenye ghorofa. Mgambo nimewaona wakibeba meza. Sijawaona wakibomoa ngazi iliyotoka nje ya mpaka wa kiwanja.

Na bodaboda juu ya njia za miguu ni jambo la hatari, ambalo kila mtu analijua na hakuna anayelitetea. Vyuma vifupi vya kuzuia vikiwekwa, viwekwe kwa nafasi ambayo kiti mwendo kinapita, yaani sentimita 90 au zaidi kati ya chuma na chuma, si kwa kuiziba njia.

Kuna mahali Dar es Salaam tumefanya vizuri, na lazima isemwe. Mwendokasi ulipoanza mwaka 2016, kutoka Kimara hadi Kivukoni na matawi ya Morocco na Gerezani, barabara zile zilipata pia njia za miguu zenye upana, na vituo vyenye mteremko badala ya ngazi, sakafu ya kituo ikilingana na ya basi. Kwa mara ya kwanza niliwapeleka watoto kwenye usafiri wa umma bila kumwinua mtu. Jiji letu likapewa Tuzo ya Usafiri Endelevu ya mwaka 2018, la kwanza Afrika, na nilijivunia kama Mzaramo aliyezaliwa hapa. Lakini shuka kituo cha Msimbazi, toka kwenye njia ile pana, ingia mtaa wowote wa Kariakoo ndani. Hatua chache tu na umerudi kwenye mifuniko iliyovunjika. Abiria wa mwendokasi wote ni watembea kwa miguu wakishashuka. Na zebra zinazovuka Msimbazi zinahitaji rangi mpya kabla haijafutika yote, maana mwenye uoni hafifu anategemea tofauti ile ya nyeupe na nyeusi. Ikififia, kwake hakuna kivuko.

Tena upimaji wa miguu si jambo geni hapa kwetu. Shirika la Amend limefanya tathmini za njia za watoto kuzunguka shule za msingi za Dar es Salaam, katika mpango wao unaoitwa SARSAI. Wanaangalia mtoto anatoka wapi, anavukia wapi, anapita kando gani, ndipo wanaamua waweke nini: tuta, zebra, njia ya miguu, vizuizi vya magari, pengine kuhamisha geti la shule kutoka barabara kubwa kwenda mtaa wa pembeni. Geti tu! Si mabilioni. Mwaka 2019 mpango huo ulipata tuzo ya kwanza ya miji ya taasisi ya WRI, ukishindanishwa na miradi ya dunia nzima. Basi ujuzi upo, na watu waliofanya wapo jijini. Ninachoomba ni kwamba kilichofanyika kwenye mageti ya shule kifanyike sokoni, ambako mtoto yule yule huenda na mama yake Jumamosi.

Majirani zetu wa Nairobi walipitisha mwaka 2015 sera ya jiji ya usafiri wa miguu na baiskeli, ikitaka asilimia 20 ya fedha za barabara ziende huko. Utekelezaji ni habari nyingine, lakini mwananchi wa Nairobi anayo karatasi ya kumwonyesha diwani wake. Sisi tuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, na kabla ya hapo, mwaka 2009, tuliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu. Yote yanazungumzia kufikika kwa maeneo ya umma. Mtaa ni eneo la umma kuliko ofisi yoyote.

Tatizo ninaloliona ni kwamba mtaa mmoja una wakubwa wengi. Barabara kuu ni ya TANROADS, mitaa ya ndani ni ya TARURA, njia ya mwendokasi ni ya DART, usafi na machinga ni wa Halmashauri ya Jiji, mabomba na nyaya ni vya mashirika mengine, na mbele ya duka ni pa mwenye jengo. Mfuniko ukivunjika, kila mlango ninaoubisha unanielekeza mlango mwingine. Upimaji nao ukiachwa bila mwenyewe utaishia hivyo hivyo. Kwa hiyo napendekeza Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, ambayo ndiyo yenye Kariakoo, iubebe upimaji huu, na ofisi ya serikali ya mtaa iwe mahali pa majibu. Ubao wa matangazo upo. Pabandikwe jina la mtaa, kipande kwa kipande, alama iliyopata, nani anatakiwa kurekebisha nini, na tarehe. Mwenye ghorofa ambaye ngazi yake imetoka nje ajione pale. Mhandisi ajione pale. Mwenye spika ajione pale.

Timu ya wapimaji isiwe ya wahandisi peke yao. Awepo mtu mwenye fimbo nyeupe na mtu mwenye kiti mwendo. Awepo mzee. Awepo mama mwenye mtoto mgongoni na mfuko mkononi. Awepo kuli, kwa sababu hakuna anayejua mitelemko na mashimo ya Kariakoo kama mtu anayevuta mkokoteni, na hajawahi kuitwa kwenye kikao chochote ninachokijua. Awepo machinga. Watembee pamoja kwa mwendo wa aliye nyuma kabisa, na pale aliye nyuma anaposhindwa kupita, pasipate alama zaidi ya 1 hata kama wengine wote wamepita. Hiyo ndiyo kanuni ninayoidai zaidi ya zote. Wastani unaficha watu: mtaa unaweza kupata alama nzuri kwa wastani na bado ukawa na shimo moja, na shimo moja linatosha.

Shule ya Msingi Uhuru Mchanganyiko, inayopokea watoto wasioona, iko katika eneo hili hili la Ilala. Watoto hao wanakua na watakuwa wafanyakazi, wateja, wenye maduka. Upimaji uanzie kwenye njia inayotoka upande wa shule kwenda sokoni, kwa Mtaa wa Uhuru hadi Msimbazi, Jumamosi saa kumi jioni. Waliostaafu kama mimi tuko tayari kutembea na timu bila posho. Fimbo za mazoezi tunazo, na vitambaa vya kuwafunga macho wahandisi wanaotaka kujaribu tunavyo pia. Ofisi yoyote inayohusika ikitaka kutupata, gazeti hili linayo anwani yangu.

Mwalimu mstaafu wa elimu maalumu,
Ilala, Dar es Salaam